Kopo la Poudre na Mipaka Mitatu

Tangu nirudi, kila mmoja wenu ananitazama nywele kwanza, halafu mikono, ndipo ananisalimia. Nywele ni safi na mikono ni mitupu, kwa hiyo mnauliza nilikwenda kufanya nini Butembo, na kopo liko wapi. Nimejaribu kujibu kwa mdomo. Naanza katikati, nakumbuka jambo la mwanzo, narudi nyuma kulichukua, na nikifika tena katikati aliyeuliza ameshafungua simu yake. Basi naandika. Someni mpaka mwisho kabla ya kunipigia.

Katoyi: pole za majirani

Ninyi mnaijua desturi ya kitivo chetu, lakini binamu zangu wa Bukavu watasoma pia, kwa hiyo naieleza. Ukifika mwaka wa kwanza unapewa mkubwa mmoja wa kukushika mkono: parrain akiwa mwanamume, marraine akiwa mwanamke. Huyo ndiye anayekuonyesha profesa gani hapendi watu wa kuchelewa, wapi wanauza maharage yaliyoiva kweli, na nani usimwazime kitabu. Na siku ya kutetea mémoire, ile kazi ya mwisho, ukitoka mbele ya maprofesa unakuta watu mlangoni na makopo ya poudre ya watoto. Wanakupaka kuanzia nywele mpaka viatu, na unarudi nyumbani kwa miguu, mweupe hivyo hivyo, ili mtaa mzima uone. Mkono wa kwanza ni wa marraine wako. Kabla yake hakuna anayekugusa.

Marraine wangu ni Yaya Masika, yaani dada mkubwa Masika. Wiki ya kwanza alinikuta nyuma ya auditoire, ukumbi wa masomo, nikilia, kwa sababu nilikuwa nimeingia chumba kisicho chetu, nikakikuta kitupu, na nikaamini kwamba chuo kizima kimehama bila kuniambia. Alinikatia nusu ya beignet yake, andazi la asubuhi, akasema, "Ukitaka kulia, lia ukitembea. Cours imeanza." Tangu siku hiyo sikuamua jambo lolote bila yeye. Hata aliporudi kwao Butembo kwa sababu ya ugonjwa wa baba yake, aliendelea kuniongoza kwa simu. Kila sura ya mémoire nilimtumia, na kila sura ilirudi pamoja na sauti yake ikinigombeza. Siku moja kabla ya kutetea aliniambia nivae viatu vya chini, kwa sababu mtu anayewaza visigino hajibu maswali vizuri.

Siku yenyewe simu yake ilikuwa imezimwa. Wiki iliyofuata pia. Miezi ikapita.

Mnanijua. Nilitafuta sababu mpaka zikanikosesha usingizi. Labda amekasirika kwa kuwa jina lake nililiweka ukurasa wa pili wa shukrani na si wa kwanza. Labda ameolewa na mume hapendi simu. Labda nilimtumia ujumbe wa sauti mrefu mno, na alikuwa akingoja tu nimalize chuo ili apumzike kunisikiliza. Hii ya mwisho ndiyo niliyoiamini zaidi.

Na ninyi mlikuwepo siku ile, na makopo yenu. Mliona nilivyojifunika kitenge kichwani nikasema hakuna wa kunigusa kabla ya Yaya. Mlicheka, na mlikuwa na haki. Lakini hamkuona kilichotokea Katoyi. Msichana aliyeondoka asubuhi kwenda kutetea, akarudi na nywele nyeusi na nguo safi, mtaani kwetu ana maana moja tu. Kabla jua halijazama majirani walikuwa wameanza kuingia kwa mama mmoja mmoja. Wa kwanza alileta sukari. Wa pili alileta sombe, majani ya muhogo, iliyotwangwa tayari. Mama aliwaeleza kwamba nimefaulu, tena kwa distinction. Wakasema ndiyo, mama, tunajua, na wakamshika mkono kwa nguvu zaidi.

Alivumilia wiki nyingi kuliko ambavyo mimi ningeweza. Halafu siku moja akatia kopo la poudre kwenye mfuko wangu kwa mkono wake, pamoja na fromage nzima, jibini la Masisi, kwa ajili ya familia ya Yaya. "Enda umutafute huyo Yaya yako akupake," akasema. "Nimechoka watu kunipa pole kama vile niko na kilio."

Sikumwambia jambo la pili. Tangu nimalize, kila asubuhi naamka, navaa kama mtu mwenye pa kwenda, kisha nakaa kitandani. Sikujua nifanye nini na maisha haya, na mtu pekee ambaye angeniambia alikuwa amezima simu. Nilitaka poudre, lakini zaidi nilitaka kujua kama bado nina Yaya.

Gisenyi hadi Cyanika: kwenda kaskazini kwa kupitia mashariki

Butembo iko kaskazini yetu. Zamani mtu alipanda gari asubuhi, akapita Kibati, akapita Rumangabo, akanunua makabichi njiani, akafika. Sasa vita vimeifunga njia hiyo, na mtu wa Goma anayetaka kwenda Butembo anaingia Rwanda, anatoka Rwanda, anaingia Uganda, anaizunguka nusu ya mbuga na milima, halafu anarudi Congo kwa mlango wa upande mwingine. Nilipoiangalia njia hiyo kwenye simu nilifikiri nimebonyeza vibaya.

Mama alikuwa amenitafutia mtu wa kusafiri naye: Papa Muhindo, mfanyabiashara wa viatu, mwenyeji wa Butembo, mtu wa tumbo kubwa na matumaini makubwa zaidi. Anaipita njia hiyo kila mara. Nilipomuuliza inachukua muda gani, alisema, "Tunafika tu." Nilidhani hajanisikia. Baadaye nilielewa kwamba hilo ndilo jibu lake kwa maswali yote ya saa.

Mpaka wa kwanza ulichukua sachet. Nilisahau kabisa kwamba Rwanda hawataki mifuko ya plastiki, mimi ambaye nimekulia hatua chache kutoka barrière ya mpaka. Askari aliitoa fromage ndani ya sachet kwa heshima kubwa, akanikabidhi ikiwa uchi, na sachet akabaki nayo. Niliifunga fromage kwenye kitenge changu cha kubadilisha. Kuanzia hapo nilinuka kama zizi la Masisi, na gari lote la kwenda Musanze lilifungua madirisha. Papa Muhindo alisema ni harufu ya nyumbani. Alikuwa amekaa mbele.

Musanze tulikula viazi vya kuchemsha na mishikaki. Viazi vile nawaambia ukweli ni vitamu, na ni jambo pekee la siku hiyo ambalo sina lalamiko nalo. Kisha Cyanika, mpaka wa pili, na hapo ndipo kopo lilipoanza visa vyake.

Afisa wa upande wa Uganda alilitoa mfukoni, akalitikisa karibu na sikio, akalifungua, akanusa. Akapiga chafya. Poudre ikamruka kwenye sare. Akaniangalia, kisha akaangalia nyuma yangu, kisha chini ya meza.

"Mtoto yuko wapi?" akauliza.

Nikamwambia hakuna mtoto. Akauliza basi poudre ni ya nani. Nikasema ni yangu. Akauliza kama mimi ndiye ninayepakwa. Nikasema ndiyo, lakini si sasa, na si mimi wa kujipaka, kuna mtu maalumu wa kunipaka ambaye yuko Butembo. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kukunja uso. Papa Muhindo, kwa nia njema, aliingilia kati akamwambia afisa, "Iko ya mutoto, chef. Huyu ana aibu tu." Tukapita mara moja.

Nilimgombeza mpaka kwenye gari. Akasema tumepita au hatujapita?

Kisoro hadi Kasese: mama wa mtoto asiyekuwepo

Milima kati ya Kisoro na Kabale ni mizuri, watu wanasema. Mimi nilikuwa na kichwa kwenye magoti. Kabale tulibadili gari, nikanywa bushera, uji wao wa mtama unaochachuka kidogo, na tumbo likatulia. Katika gari hilo la pili alikaa kando yangu mama mmoja wa Kasese, mnene, mwenye huruma nyingi, anayetoka kumtembelea binti yake. Yeye na Papa Muhindo waligundua haraka kwamba lugha zao ni karibu moja, Kikonzo chake na Kinande cha papa, na wakaanza kuzungumza juu ya kichwa changu, kwa maana halisi, kwa sababu nilikuwa katikati.

Mimi ni mtu wa Bukavu aliyekulia Goma. Kinande sijui. Lakini neno la mtoto halifichiki katika lugha za huku kwetu, na nililisikia mara nyingi mno. Kila mara mama yule aliniangalia kifua, akatikisa kichwa.

Hatimaye akanigeukia kwa Kiswahili chake cha taratibu. Akaniambia nisilie. Sikuwa nikilia. Akaniambia na yeye aliwahi kumwacha mtoto mchanga kwa bibi, kwa sababu ya maisha, na mtoto alikua vizuri. Akanieleza namna ya kuyatuliza maziwa kwa kitambaa cha maji ya baridi. Mbele yetu mwanamke mwingine aligeuka, akasema yeye hutumia majani ya kabichi. Mzee mmoja nyuma, ambaye hakuna aliyemuuliza, alisema wasichana wa siku hizi wanazaa na kutembea. Mama wa Kasese akamjibu kwa niaba yangu, kwa ukali, na mzee akafumba macho, akalala.

Hapo nilikuwa na njia mbili. Ningeweza kusimama ndani ya gari na kusema sina mtoto, au kuacha waamini. Lakini nilifikiri: nikikana, watasema namkana mtoto wangu, ambalo ni jambo baya kuliko kumwacha. Na mama huyu ambaye amenitetea ataaibika. Na Papa Muhindo ataonekana mwongo, ingawa ni kweli alidanganya. Nilipomaliza kufikiri tulikuwa tumepita Ishaka na mama wa Kasese alikuwa akinilisha ndizi ya kuchoma, akisema anayenyonyesha lazima ale.

Nikala. Ilikuwa ndizi nzuri.

Karibu na Kasese alinipa jina lake ili nikipita tena nimtafute. Anaitwa Masika. Nilishtuka. Nikamwambia kwamba mtu ninayemfuata pia anaitwa Masika, ajabu gani hii. Yeye na Papa Muhindo wakacheka mpaka mzee wa nyuma akaamka.

"Mutoto yangu," Papa Muhindo akasema akifuta macho, "kwetu musichana wa kwanza kwa nyumba njo Masika. Kila nyumba iko na Masika yake."

Nikamuuliza kama kila nyumba ya Butembo pia. Akasema Butembo zaidi. Nikauliza basi tutampataje wangu, kwa kuwa nilijua tu kwamba anakaa mtaa wa Furu, namba yake haiiti, na jina lake la ubatizo ni Espérance. Akasema Masika Espérance wa Furu aliyesoma Goma anamjua vizuri sana, ni mtoto wa kaka ya rafiki yake. Nisiwe na wasiwasi.

Kuniambia mimi nisiwe na wasiwasi ni kama kuniletea wasiwasi kwenye sahani.

Kasindi hadi Beni: tunafika tu

Mpaka wa tatu kopo lilipita bila swali, kwa sababu afisa wa upande wetu alikuwa Mkongomani, na aliponiona nalo alinipa hongera tu, "Félicitations." Karibu nimkumbatie. Ndiye mtu wa kwanza tangu Goma aliyeelewa.

Baada ya hapo tulingoja. Magari ya Kasindi hayaondoki moja moja, yanaondoka pamoja na askari, na askari wanaondoka wanapoondoka. Tulikaa juu ya magunia ya chumvi. Kila nusu saa mtu alipiga honi na wote tukakimbia, kisha ikawa ni mtu anayemwita mke wake. Nilinunua chapati, nikanunua mayai, nikanunua tena chapati kwa sababu ya kukosa la kufanya. Nilijaribu namba ya Yaya. Sauti ileile ya mwanamke wa mtandao ikaniambia aliyeitwa hapatikani. Kwa miezi mingi nimemsikia huyo mwanamke kuliko ninavyomsikia dada yangu.

Hapo Kasindi ndipo nilipoanza kuogopa kweli. Njiani kulikuwa na kelele. Sasa palikuwa na magunia na jua, na nafasi ya kuwaza. Mtu anapobadilisha namba na hakupi namba mpya, hajapoteza simu. Amekuacha. Nami nilikuwa nimevuka nchi mbili kumfuata mtu aliyeniacha, nikiwa na kopo mkononi, kumdai anipake. Ningekuwa peke yangu ningegeuka. Nilimwambia Papa Muhindo hivyo, kwamba labda nirudi. Alikuwa akila yai. Hakusema tunafika. Alisema, "Kurudi pia utapita Kasese. Ule mama atakuuliza mutoto."

Nikabaki.

Butembo: Masika wa kwanza

Tuliingia Butembo baada ya kulala Beni, asubuhi, vumbi jekundu hadi kwenye meno. Papa Muhindo alikataa nipumzike. Alinipeleka moja kwa moja Furu, kwenye nyumba ya matofali yenye maua ya njano, akaita mlangoni kwa Kinande, na familia nzima ikatoka.

Sijawahi kupokewa vile. Mama wa nyumba alinishika uso kwa mikono miwili. Walisema Masika wao alikuwa akingoja rafiki kutoka Goma, na tazama, amefika. Yuko kazini, atarudi mchana. Nikapewa maji ya moto ya kuoga. Nikaketishwa. Ukaja bukari, ule ugali wetu, maharage, sombe, na nyama waliyokuwa wameihifadhi kwa ajili ya mtu mwingine, sasa najua. Nilitoa fromage. Baba wa nyumba aliinusa kwa macho yaliyofungwa, akasema tangu njia ifungwe hajaonja kitu kama hicho, akaikata hapo hapo, vipande vya watu wote na majirani wawili.

Nilikuwa na furaha. Niliangalia picha ukutani nikitafuta uso wa Yaya, sikuuona, nikajiambia familia nyingi hazitundiki picha za watoto wakubwa. Hivi ndivyo akili yangu inavyofanya kazi: inaona hatari pasipo na kitu, na penye kitu inanyamaza.

Mchana akaingia msichana mfupi mwenye sare ya muuguzi. Wote wakasimama, wakatuangalia wakitabasamu, wakingoja. Basi tulikumbatiana. Sikujua la kufanya jingine, na yeye pia, nadhani. Akaninong'oneza sikioni, "Wewe ni nani?" Nikamnong'oneza, "Nsimire." Akasema, "Mimi sikujue." Tukaendelea kukumbatiana kidogo, kwa ajili ya mama yake.

Ukweli ulipotoka, Papa Muhindo aliitazama dari. Fromage ilikuwa imekwisha. Nilitaka ardhi inimeze, lakini mama wa nyumba alisema nimekula kwake, basi mimi ni mgeni wake, na rafiki wa kweli akifika atakula vilevile. Baba alisema yeye hana cha kulalamika, akijilamba kidole.

Masika yule, muuguzi, ndiye aliyenisaidia. Waliosoma Goma na kurudi Butembo wanajuana, wanasali misa moja, akaniuliza wangu yukoje. Nikasema ni mrefu, anagombeza watu, na ana pengo katika meno ya mbele. Akacheka. "Huyo njo Masika wa misumari. Papa yake alikuwa na duka ya mabati. Sasa anauza yeye." Kisha akaacha kucheka. Akaniuliza kama Yaya anajua kwamba nakuja. Nikasema hapana. Hakuuliza zaidi, akachukua kanga yake tukatoka.

Furu: Masika wa misumari

Duka lilikuwa dogo, mabati yamesimama ukutani na misumari kwenye madebe. Yaya alikuwa akimpimia mteja. Alikuwa amekonda. Aliinua macho, akaniona mimi, kisha akaliona kopo, ambalo sijui kwa nini nilikuwa nimelishika mbele yangu kama mshumaa wa misa. Misumari ikaendelea kumiminika kwenye mizani mpaka mteja akasema inatosha.

Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Goma. Yalikuwa mazuri. Nikasema, "Ulizima simu."

"Ulivaa viatu vya chini?" akauliza.

"Nilivaa. Kwa nini ulizima simu?"

Muuguzi alisema ana mambo sokoni, akatuacha. Yaya akamlipisha mteja, akanipa kigoda, akakaa juu ya debe. Nikamweleza kwamba sikupakwa, kwamba mama anapewa pole, kwamba nimekuja anipake nirudi. Alinisikiliza bila kukatiza, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Kisha akasema, "Mimi siwezi kukupaka, Nsimire."

Nikajua. Ameniacha. Nikaanza kusema kwamba ninaelewa, kwamba najua nilikuwa nikimsumbua na sauti ndefu, kwamba hata mimi ningechoka.

"Nyamaza kwanza," akasema. "Siwezi kwa sababu mimi mwenyewe sijapakwa. Mutu mwenye hajapakwa anapaka mwenzake na mkono gani?"

Sikuelewa. Nilidhani anasema kwamba siku ya utetezi wake poudre ilikosekana. Mnaona. Hata hapo nilikuwa natafuta njia ndefu.

"Sikutetea," akasema. "Sura ya tatu ilibaki. Nilikuja huku juu ya ugonjwa ya papa, nikasema nitarudi kisha wiki mbili. Papa akakufa, njia ikafungwa, duka ikabaki na mimi. Kule Goma wote walisema Masika amemaliza. Na mimi nikaacha waseme."

Mteja mwingine akaingia, akataka misumari ya mabati. Yaya akasimama, akapima, akafunga, akapokea pesa, akamwambia asante papa. Nilikaa na kopo kwenye magoti. Nilikuwa nikihesabu sura zangu alizozisoma akiwa amekaa juu ya debe lile, na sauti zake za kunigombeza kwamba sura yangu ya tatu ni dhaifu. Yake ilikuwa wapi? Na miaka yote ile, kati ya maswali yangu yote, hilo halikuwemo.

Aliporudi kukaa alisema ile siku yangu aliamka mapema, akavaa vizuri, akitaka kunipigia. Akawaza nitamuuliza: Yaya, unakuja kunipaka? Akazima simu. Kesho yake aliona aibu ya kuiwasha. Kisha aibu ikawa ya wiki, halafu ya mwezi, akabadilisha namba. Nilimsikiliza nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona: Yaya Masika anawaza kama mimi.

Nilipaswa kulia. Badala yake nilikasirika, na yote yakatoka kwa pamoja. Nikamwambia nimevuka mipaka mitatu. Nikamwambia nimenuka fromage Rwanda nzima, kwamba Uganda wananijua kama mama aliyemwacha mtoto, kwamba wamenifundisha kutuliza maziwa na majani ya kabichi, kwamba nimemkumbatia Masika mwingine kwa ajili ya mama yake, na kwamba fromage yake imeliwa na watu wa nyumba ya maua ya njano, na yote hayo kwa sababu yeye ameshindwa kuandika sura moja.

Pengo la meno likaonekana. Akaanza kucheka kimyakimya, mabega yakitikisika, halafu kwa sauti, mpaka jirani anayeuza saruji akachungulia. Sikutaka kucheka. Nilicheka.

Nilikaa kwake siku kadhaa. Aliniuliza ninafanya nini tangu nimalize, nikamwambia: navaa, nakaa kitandani. Nilingoja aniambie la kufanya, kama zamani. "Mimi sijui," akasema. "Kweli kabisa sijui. Lakini kama uko unakaa tu, sura ya tatu iko."

Basi tukaikalia. Asubuhi mimi niliuza misumari, vibaya, na yeye aliandika nyuma ya mabati. Jioni nilisoma na kumgombeza. Nilimwambia aya yake ya kwanza inazunguka kama njia ya Goma kwenda Butembo. Aliifuta, akaiandika upya. Hakuna mtu aliyewahi kufuta kitu kwa sababu nimesema mimi.

Siku ya kuondoka alitaka kunirudishia kopo. Nikalichukua, nikaliweka juu ya rafu, kati ya debe la misumari ya inchi tatu na picha ya baba yake. Parrain wake bado yuko Goma, nikamwambia. Siku atakayokupaka wewe, mkono wako utanipaka mimi, mlangoni hapo hapo.

"Na mama yako?" akauliza.

Kurudi

Kurudi ni njia ileile kwa kinyumenyume, na Papa Muhindo yuleyule, sitawachosha. Kasese niliteremka kunyoosha miguu nikiomba nisionekane. Nilionekana. Mama Masika wa Kasese alinishika mikono akauliza kama mtoto anaendelea vizuri. Nilivuta pumzi nimweleze kila kitu tangu mwanzo. Kisha nikasema anaendelea vizuri, mama, ameanza kuandika. Akashangaa sana, akanipa ndizi.

Katoyi jirani wa sukari alikuwa amesimama barazani. Alitazama nywele zangu, akaingia ndani kutafuta kitu cha kumletea mama. Mama naye alinitazama, akaukagua mfuko, akakuta hakuna kopo. Nikamweleza yote, kwa mara moja bila kurudi nyuma. Alisikiliza mpaka chai ikapoa.

"Amebakiza nini huyo mutoto?" akauliza.

Nikasema mwisho wa sura ya tatu, na hitimisho.

"Umwambie afanye mbio," akasema. "Sukari imejaa nyumba."

Kwa hiyo msininunulie kopo jingine. Kila asubuhi sasa naamka, navaa, nakaa mezani, na napokea kurasa kutoka Butembo kwa namba mpya, ambayo sitawapa mpaka amalize. Atakapokuja atapita palepale nilipopita, akiwa na poudre mkononi, na nimemwambia asijaribu kueleza kama mimi. Wakimuuliza mpakani mtoto yuko wapi, aseme yuko Goma, ni mkubwa, analalamika sana, na anangoja kupakwa.